K na 8 mbele ya mchezaji mkali: nifuate au nitupe?

Muulizaji, Kisumu
Ndugu wanajamvi, katika mashindano yetu ya poka hapa Milimani tulibaki watano, na wanne ndio hulipwa. Nilikuwa kwenye dau kubwa la lazima (linalowekwa kabla ya kuona karata), vibao vyangu, yaani sarafu za kuchezea, vikitosha madau 12 kama hayo pamoja na hilo, nikashika K ya kopa na 8 ya pau. Jirani wa kulia, ambaye huongeza dau karibu kila mkono (mzunguko wa karata) na ananizidi vibao, alisukuma vibao vyake vyote mezani. Je, ingefaa kumfuata?

Mpenda hesabu, Nakuru
Dau moja ulikuwa umeshaweka; ungelipa 11 zaidi kushindania 24 (12 yako na 12 yake), kwa hiyo ulihitaji kushinda takriban asilimia 46 tu. Ikiwa kweli husukuma vyote kwa karata zozote, K na 8 hushinda karibu asilimia 56. Hata hivyo, kuongeza dau kidogo si sawa na kusukuma vyote. Akifanya hivyo kwa A, jozi na picha pekee, hesabu inageuka.

Msomaji, Kakamega
Mwenzangu amesahau malipo. Ukitolewa wa tano huondoki na kitu, ilhali vibao vikiongezeka maradufu zawadi haiongezeki maradufu. Je, alikuwapo mwenye vibao vichache zaidi yako?

Muulizaji, Kisumu
Ndiyo, wa kushoto kwangu alikuwa na madau 3, na dau kubwa lilikuwa linamfikia mkono unaofuata.

Msomaji, Kakamega
Basi tupa, ndugu yangu; huenda huyo akatolewa kabla yako, nawe ukalipwa. Hata A na 7 ningeitazama kwa shaka.