Laki sita na nusu: laptopu mpya ya dukani au ThinkPad iliyotumika?

Kaka_Mkubwa (Mbagala)
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mdogo wangu kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, anaanza mwaka wa kwanza, na laptopu imeniangukia mimi. Mfukoni nina laki sita na nusu, nikijibana sana laki saba. Bumu (mkopo wa chuo) tusilihesabu, lina kazi zake.

Nimezunguka Kariakoo nimebaki na mbili. Ya kwanza mpya, iko kwenye boksi: prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, hifadhi GB 128 ya eMMC (iliyochomelewa kwenye ubao), Windows 11, waranti mwaka mmoja. Ya pili ni ThinkPad T480 ya Lenovo iliyotumika Uingereza: prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, hifadhi ya SSD GB 256, kona imechubuka kidogo, waranti ya mdomo. Mama anasema mtoto haanzi chuo na mtumba. Mimi moyo uko kwenye ThinkPad ila naogopa betri na magonjwa ya ndani. Binti atatumia AutoCAD ya kuchorea na programu za ramani. Nishaurini, na tafadhali msinijazie matangazo inbox.

fundi_msimbazi
Mkuu, kwa AutoCAD na ramani hapo hakuna mechi. Chukua T480.

Usiangalie umri wa boksi, angalia prosesa. Na hata umri wenyewe unachekesha: N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019, i5-8250U inayokaa kwenye T480 nyingi ilitoka 2017. Ya Celeron ndiyo changa, lakini ina kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu na ilitengenezwa kwa mashine za bei ya chini, za kuandikia na kuingia mtandaoni. Hiyo i5 ina kori nne na inabeba kazi nane kwa mkupuo. ArcGIS Pro, programu ya ramani, inadai RAM ya GB 8 kwa uchache kabisa. Wewe unataka kumpa GB 4, tena kwenye mashine nyingi za aina hiyo RAM imechomelewa kwenye ubao, huongezi hata uwe na hela. eMMC nayo hivyo hivyo: ikifa, imekufa na ubao. T480 unafungua mfuniko wa chini unakuta matundu mawili ya RAM na SSD inayochomoka. Kwetu mafundi hiyo ndiyo mashine.

mama_stationery (Morogoro)
Fundi nakuheshimu, ila mafundi wote mnapenda mashine zinazofunguka. Mnajua mtaonana tena 😀

Mimi dukani nina mbili ndogo za Celeron, zote zilinunuliwa mpya. Hazina feni, hazipigi kelele, zinakula umeme kidogo mno, Tanesco wakichukua chao naendelea kuandika barua za watu bila wasiwasi. Na waranti ya maandishi si kitu cha kubeza. Kuna laptopu ya mtumba ilinunuliwa na jirani yangu hapa, ilizima baada ya muda mfupi, muuzaji akawa hapokei simu. Mtumba bila mtu wa kuukagua ni bahati nasibu.

Kaka, mdogo wako angekuwa anasoma sheria au ualimu ningekwambia nunua mpya ulale. Kuandika, kusoma PDF na kutuma kazi, ile ndogo inaweza, ilimradi asifungue mambo kumi kwa pamoja. Ila umesema AutoCAD. Hapo mimi nanyamaza.

kanyaga_twende (Nairobi)
Salamu kutoka Nairobi. Huku pia mjini maduka yamejaa hizi tunazoita ex-UK, kwa hivyo wacha niongeze moja ambalo watu hunaswa nalo: stika ya i7.

Mtu anaona i7 anadhani ni kubwa kuliko i5, analipa. Kumbe ni i7-4600U, kizazi cha nne, kori mbili. Angalia namba inayofuata baada ya kistari: 4 ni kizazi cha nne, 6 cha sita, 8 cha nane. Kizazi cha nane ndipo Intel walipotoa kori nne kwenye i5 za laptopu nyembamba, na pia ndipo Microsoft walipochora mstari wa Windows 11, ukiacha chache sana za kabla ya hapo. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, basi chini ya kizazi hicho unanunua deni.

Ukipenda HP, EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. Kwa macho G3 na G4 ni mapacha. Muuzaji atakuambia G3 yake "iko na Windows 11" na ni kweli iko, aliisukuma kwa nguvu. Microsoft hawaitambui.

Kaka_Mkubwa
Asanteni sana. Basi swali langu limebadilika. Nikisimama mbele ya muuzaji, nifanye nini hasa? Huwa wanakuwashia, wanakufungulia YouTube, wanasema unaona boss haina shida.

fundi_msimbazi
YouTube haipimi chochote. Anza hata kabla Windows haijawaka: washa, bonyeza F1 mfululizo uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai paswedi ambayo muuzaji haijui, mrudishie. Usikubali "fundi ataitoa". Kwenye ThinkPad ile paswedi ya msimamizi ikisahaulika, Lenovo wenyewe jibu lao ni kubadilisha ubao mzima. Ukiwa humo humo tafuta sehemu ya Computrace, siku hizi inaitwa Absolute. Ikiwa imewashwa ujue kampuni iliyokuwa na hiyo mashine inaweza bado kuiona.

La pili wengi hawalijui. Hizi zimetoka maofisini Ulaya, nyingine ziliuzwa bila kufutwa kwenye daftari la kampuni. Zinafanya kazi vizuri mpaka siku unapoweka Windows upya ukiwa na intaneti, ghafla linatokea jina la kampuni ya watu linataka barua pepe ya kazini. Kwa hiyo nenda na flashi yenye Windows 11, mwombe uiweke upya pale pale kwa bando la simu yako. Muuzaji mwenye mali safi atanung'unika kuhusu muda lakini atakubali.

Betri: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Linganisha "design capacity" (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na "full charge capacity" (uwezo wake wa sasa). Ikiwa ya pili ni chini ya nusu ya ya kwanza, punguziwa bei. Na T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayotoka kwa mkono bila bisibisi, hivyo ripoti itaonyesha mbili. Ya nje ikichoka unabadilisha mwenyewe kitandani.

Matundu ya USB-C yako mawili, chomeka chaja kwenye yote mawili. T480 zina ugonjwa unaojulikana wa Thunderbolt (teknolojia iliyo kwenye tundu moja la USB-C), tundu linafika siku linakataa chaji. Lenovo walitoa programu ya kurekebisha mwaka 2019, ila kama haikuwekwa mapema tundu linaweza kuwa limeshakufa.

Kisha kioo. Hapa ndipo nakuomba uwe makini kuliko kwenye huo mchubuko wa kona. T480 nyingi zilitoka na kioo cha nukta 1366 kwa 768. Kwa Word sawa. Kwa AutoCAD mtoto atachora kwenye dirisha la choo. Tafuta yenye 1920 kwa 1080.

mhasibu_wa_zamani (Dodoma)
Mafundi wamesema ya kwao, nami niseme ya karatasi. Waranti ya mdomo haipo. Dai risiti ya kodi ya EFD, na namba ya mashine iandikwe, pamoja na siku ambazo muuzaji anakubali kuirudisha. Akikataa kuandika amekujibu.

Hata hiyo "mpya" ikague. Namba yake ukiiweka kwenye tovuti ya watengenezaji, wengi wanaonyesha waranti ilianza lini. Ikiwa ilianza miaka miwili iliyopita, hilo boksi limefungwa upya na mtu. Halafu laptopu mpya za bei ya chini mara nyingi huja na Windows ya S, ambayo haikubali programu nje ya duka la Microsoft. Kuitoa ni bure, ila ukishaitoa hairudi, na wauzaji wengi hawakwambii.

kanyaga_twende
Na kibodi! Ikitoka Uingereza hakuna noma, hata plagi ya chaja inaingia ukutani bila adapta. Ikitoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Ikitoka Ufaransa, A iko mahali pa Q. Wanabandika stika juu ya vitufe, baada ya muda stika zinateleza.

Kaka_Mkubwa
Nimerudi kutoka Kariakoo. Ile T480 niliyoipenda kioo ni 1366 kwa 768, kama fundi alivyosema, na nilipotaja kuweka Windows upya muuzaji akaanza kuniuliza nani kanituma. Duka la pili wanayo nyingine ya kioo cha 1920 kwa 1080, laki sita na themanini. BIOS haina paswedi, Absolute imezimwa, betri ya nje iko vizuri, ya ndani imechoka. USB-C zote zinachaji. Wamekubali niende na flashi Jumamosi, na risiti watatoa.

Mama nimemwonyesha picha. Kauliza kwa nini ina kitu chekundu katikati ya herufi.

mama_stationery
Mwambie ndiyo panya yake 😀 Mnunulie na mfuko mzuri wa kuibebea, mpya, wa dukani. Mama akiona mfuko hataona kona.

fundi_msimbazi
Betri ya ndani kuchoka isikusumbue, ni ndogo, haizidi Wh (wati-saa) 24, tumia kama sababu ya kushusha bei hadi laki sita na nusu yako. Jumamosi ukiwa pale angalia pia hiyo RAM ya GB 8 ni kijiti kimoja au viwili. Kikiwa kimoja tundu la pili liko wazi, ataongeza kingine baadaye bila kutupa cha kwanza. Vikiwa viwili vya GB 4, muulize muuzaji akubadilishie kabla hujalipa. Ukishalipa hatabadilisha.