Maji yametuama juu ya paa la kuficha, nimpandishe kijana ayachote?

Mleta uzi: Wakuu, naomba msaada wa haraka. Niko Ipuli, Tabora. Nyumba ya mama ina paa la kuficha, yaani bati limezungukwa na ukuta halionekani kwa nje, na majani ya mwembe yameziba bomba la kutolea maji. Gata la ndani lina upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 6. Nimechovya kijiti, kina ni sentimita 15. Dari ya jipsamu imeshuka tumbo, ina duara la rangi ya chai. Kuna kijana yuko tayari kupanda na ndoo. Nimruhusu?

Fundi Kenchi: Usimruhusu kabisa! Hizo ni lita 540, yaani kilo 540. Karibu mifuko 11 ya saruji imelala juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, halafu uongeze mtu? Na bati lililolowa linateleza kama kambale. Zima meini switchi kwanza. Ngazi iwe nje, mtu aishike, uvute majani kwa reki ukiwa hapohapo kwenye ngazi. Bomba likigoma, chukua mpira, ujaze maji, ncha moja izame kwenye gata na nyingine ishuke hadi chini. Yatajivuta yenyewe.

Mama Wawili: Nimeishi Finland miaka minne. Kule mzigo ni theluji, nayo ikilowa inakuwa nzito kuliko ile mpya. Nyumba za chini watu huikwangua kwa mti mrefu wakiwa wamesimama ardhini. Si mchezo: Katowice, Poland, tarehe 28 Januari 2006 paa la ukumbi wa maonyesho lilielemewa na theluji, likaua watu 65. Dalili tulizoambiwa tuziangalie ni nyufa mpya, mbao kulia, na milango kuanza kukwama. Yako inafunga vizuri?

Mleta uzi: Dada, umenishtua. Mlango wa mama unakwaruza tangu juzi, nikadhani ni unyevu. Namhamishia kwa jirani sasa hivi.

Fundi Kenchi: Umefanya la maana. Yakiisha, toboa matundu ya dharura kwenye ukuta wa paa, juu kidogo ya usawa wa bomba, ili likiziba tena maji yamwagikie nje. Kenchi zikaguliwe kabla mama hajarudi.

Mleta uzi: Mpira umefanya kazi, gata limebaki na tope tu. Kwenye mdomo wa bomba nimekuta kokwa la embe limenasa, majani yameshikamana juu yake kama mkeka. Mlango bado unakwaruza. Fundi, kesho asubuhi unaweza kufika Ipuli?