Kituo cha kulala kinachotoa dawa: je, si kuhamisha uraibu tu?

Dada Mkubwa
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye familia yake, ametumia heroini kwa miaka mingi na sasa amekubali mwenyewe kuingia kituo cha kulala. Tumepata viwili: kimoja hakiruhusu dawa yoyote, kingine hutoa methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, chini ya usimamizi wa daktari. Baba anashikilia kwamba kunywa methadoni kila siku ni kuubadilisha uraibu jina, nami nimekosa hoja ya kumjibu. Naomba mwongozo wenu.

Nesi wa Zamu
Dada, wasiwasi wa mzee unaeleweka, ila naomba umweleze hivi. Heroini humpandisha mtu na kumshusha ndani ya saa chache, hivyo kutwa nzima huwa ama amelewa ama anaikimbia arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa heroini. Methadoni hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja kwa siku, ikiwa imepimwa vizuri, humwacha mtu hajalewa wala haumwi. Anakula, analala, na anaweza kukaa na mshauri akamsikiliza. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa zote mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Mimi kinachonitia hofu ni kile kituo kisichotoa dawa. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini haustahimili tena kiasi ulichokizoea, na mtu akitoka akarudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi. Kwa hiyo waulizeni kwanza: siku atakayoruhusiwa, dozi ya kesho yake ataipata wapi? Waulizeni pia kama familia itafundishwa kutumia naloksoni, dawa inayomzindua mtu aliyezidiwa na heroini.

Msafiri
Nesi amesema kweli. Nami niliyepitia huko naongeza jambo moja kuhusu buprenofini. Hupewi ukifika tu. Husubiriwa mpaka arosto ianze, miayo ikufuatane, machozi na kamasi vikutoke, malaika wakusimame, ndipo kidonge kiwekwe chini ya ulimi. Ukificha kwamba ulitumia muda mfupi uliopita ukapewa mapema, arosto itakushukia kwa ghafla na kwa ukali, na wengi hukimbia kituo hapo hapo wakidhani dawa ni mbaya. Mwambie mdogo wako aseme ukweli wote, hata wa aibu.

Daktari Mstaafu
Je, anatumia pombe au vidonge vya usingizi pia? Vikichanganywa na methadoni hudhoofisha upumuaji, na mnywaji wa kila siku akiikatisha pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kupoteza maisha. Kituo kijue kabla ya kumpokea.

Dada Mkubwa
Nawashukuru sana. Pombe anakunywa, tena kila siku, na hakuna kituo kilichotuuliza. Nitawapigia simu wale wenye dawa asubuhi, kisha nitakaa na baba nimsomee majibu haya yote, kuanzia la nesi.