Wauza IC na kapasita za "kuboresha" DAC, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha. Uzi ni mrefu, lakini kwa yeyote anayefikiria kupeleka kiboksi chake cha muziki kikaboreshwe, asome mpaka mwisho. Humu kuna vitu unavyoweza kuvipima mwenyewe mezani kwako kabla hujatoa hela.

Kwa wasiofahamu, DAC ni kile kiboksi kinachopokea muziki wa dijitali kutoka kwenye kompyuta, runinga au deki ya CD, kikaugeuza kuwa umeme wa sauti unaoingia kwenye amplifaya. Changu ni cha bei nafuu, kimetoka China, kina tundu la USB, la koaksia na la optiko, na kilikuwa kinatumia adapta ya volti 5. Nilikinunua 210,000. Na ni kizuri, wala sitanii. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi wa zamani, zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi za bendi za Mlimani Park na Maquis. Kwenye kiboksi hiki nilikuwa nalisikia gitaa la rithim likitembea peke yake chini ya solo, besi imekaa pale pale inapotakiwa, na tumba unasikia mkono unavyoigusa ngozi. Sikuwa natafuta muujiza wowote.

Nilikuwa na kero moja tu. Kelele ya kompyuta. Ukisogeza mausi, spika zinatoa mlio mwembamba, ti-ti-ti-ti. Ukifungua kurasa nzito mlio unabadilika. Wimbo ukiwa umechanganya huusikii, wimbo ukiisha unausikia mpaka chumba cha pili. Nikaenda duka moja la vifaa vya muziki pale Kariakoo, wana fundi wao mle mle ndani, nikaeleza tatizo kama nilivyolieleza hapa. Neno kwa neno, hadi habari ya mausi.

Jibu nililopewa: "Bosi, hiyo ni IC. Hizi NE5532 walizokuwekea ni za kizamani, zinaua sauti. Tunakuwekea OPA2134 orijino ya Marekani, kapasita za Japani, na tunakutengenezea pawa saplai ya transfoma. Utasikia vitu ambavyo hujawahi kusikia." Kwa asiyejua, IC ni kile kidude cheusi chenye miguu kinachokuza sauti ndani ya kiboksi, NE5532 na OPA2134 ni majina ya aina zake mbili, na kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Gharama, 320,000. Zaidi ya bei ya kiboksi chenyewe. Nikakubali, nikalipa.

Sasa nianze na hilo la kwanza, maana ndilo linalonichoma zaidi. Ule mlio wa mausi HAUKUWA na uhusiano wowote na IC. Kompyuta, DAC na amplifaya vinaposhikana kwa waya wa shaba, uchafu wa umeme kutoka kwenye saketi za kompyuta unasafiri kwa waya wa USB na njia ya ethi hadi kwenye amplifaya. Dawa yake inajulikana na kila fundi wa sauti: tumia tundu la optiko. Pale kinachopita ni mwanga, hakuna shaba, kwa hiyo uchafu hauna pa kupita. Toshiba walileta njia hiyo mwaka 1983. Kompyuta yangu ya mezani ina tundu hilo nyuma, na waya wake unauzwa 15,000 madukani hapo hapo Kariakoo. Na kama kompyuta yako haina optiko, vipo vidude vya kutenganisha USB vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Mtu anaelezwa dalili iliyo wazi namna hiyo, anajua dawa ni ya elfu kumi na tano, anaamua kukuuzia ya laki tatu na ishirini. Huo si ufundi.

Na waya wa optiko wanauza wao wenyewe! Niliporudi kulalamika ndipo wakanitolea mmoja wa 60,000, eti una ncha za dhahabu, sauti inakuwa laini. Dhahabu inapakwa kwenye ncha ili zisishike kutu pale umeme unapopita. Kwenye waya wa mwanga dhahabu haina kazi yoyote ile.

Sasa njooni kwenye IC.

Nilipofika nyumbani nikafungua kiboksi. IC imekaa kwenye soketi, juu imeandikwa OPA2134, maandishi meupe yanang'aa. Nikaichomoa. Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye asitoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua taratibu. Maandishi yakatoka. Pamba ikawa nyeusi. Chini ya ile rangi nyeusi ukageuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo imelala upande mmoja, msasa umepita pale. Hata kile kishimo kidogo kinachoonyesha mguu namba 1 kimejaa rangi nusu. IC iliyotoka kiwandani haivui nguo kwa dawa ya kucha.

Haikuishia hapo. Weka maltimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye alama ya daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), IC ikiwa nje ya soketi, gusa mguu wa 2 na wa 3. Kisha badilisha waya, nyekundu iende kwenye nyeusi, gusa tena. NE5532 ndani yake ina daiodi mbili zilizowekwa kinyume kwenye miguu hiyo ili kuilinda, kwa hiyo utasoma kama 0.6 au 0.7 pande zote mbili. OPA2134 ni IC yenye transista za JFET mlangoni, haina daiodi hizo, huipati namba hiyo. Yangu ilisoma 0.6 kwenda na 0.6 kurudi. Nikatafuta NE5532 nyingine kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) mbovu ya jirani yangu, nikaipima, namba ni zile zile.

Mmeelewa kilichofanyika? Wameing'oa NE5532 halisi iliyokuja na kiboksi, wakaweka IC ya aina ile ile iliyosagwa jina, wakaiandika OPA2134, wakanichaji. Na ile yangu ya awali hawakunirudishia. Nilipoiulizia nikaambiwa "tulitupa, bosi, ile takataka." Takataka? NE5532 ilitengenezwa na Signetics mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikajaa kwenye mikisa za studio dunia nzima. Sehemu kubwa ya muziki tunaoupenda umeshapita kwenye IC hizo nyingi mno kabla haujafika kwenye CD. OPA2134 ni nzuri, sikatai, lakini kwenye kiboksi cha bei hii ukizibadilisha zikiwa halisi zote mbili utahangaika sana kusikia tofauti. Yeyote anayekwambia utasikia muziki mpya kwa kubadilisha IC hiyo peke yake anataka hela yako.

Halafu niwaambie jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. IC zenye kasi kubwa kuliko ile ya awali ukizichomeka kiholela kwenye soketi, bila kapasita ndogo ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme, zinaweza kuanza kutetema kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Unachoona wewe ni IC inachemka na sauti imekuwa kali. Watu wanapewa hilo wanaambiwa ndiyo "uwazi wa sauti".

Pawa saplai sasa. Hii ndiyo iliyoharibu kiboksi kabisa. Ile adapta ndogo niliyokuwa nayo ilikuwa kimya. Walivyoniwekea yao, spika zikaanza kuvuma. Mvumo mnene, wa chini, usiokoma. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha vitu na umeme umeshuka, unazidi.

Nikafungua hilo boksi lao. Transfoma ya volti 9, daiodi nne, rekuleta 7805 (IC inayoshikilia umeme kwenye volti 5), na kapasita moja kubwa, imeandikwa mikrofaradi 4700, ndiyo kipimo cha ujazo wake, kwa volti 25, ina jina la kampuni kubwa ya Japani na rangi ya dhahabu. Nikaitoa, nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, ana mita ya kupimia kapasita. Haikufika 1000. Mzee akaishika mkononi akaniambia nyepesi mno hii, ikate. Tukaikata ganda kwa msumeno wa chuma.

Ndani kuna kapasita nyingine.

Ndogo, upana wake haufiki nusu ya lile ganda, ina plastiki yake ya bluu na maandishi yake, 1000. Imezungushiwa karatasi ili isitikisike. Miguu yake imeunganishwa kwa kulehemu na miguu ya ganda la nje. Mtu amekaa kiwandani akafanya kazi hiyo kwa makusudi, mwingine akaiagiza, mwingine akaniuzia kwa bei ya Japani.

Na msidhani ni suala la heshima ya jina tu. Umeme wetu ni wa hertzi 50, ukipita kwenye daiodi nne unakuja kwa mapigo 100 kwa sekunde. Katikati ya pigo na pigo, kapasita ndiyo inayoshikilia. Transfoma ya volti 9 baada ya daiodi inakupa kama volti 11. Hiyo 7805 inahitaji angalau volti 7 mlangoni ndipo itoe 5 safi. Kiboksi changu kikivuta nusu ampia, kapasita ya kweli ya 4700 inaruhusu volti ishuke kama moja tu kati ya mapigo, unabaki na 10, rekuleta inafanya kazi kwa raha. Ukiwa na 1000 inashuka karibu volti 5. Unabaki na 6. Rekuleta inaishiwa pumzi mara 100 kila sekunde, na hilo ndilo linalovuma kwenye spika. Umeme wa mtaani ukishuka, ndiyo kabisa. Mzee akaweka kapasita halisi ya 4700 aliyoitoa kwenye amplifaya yake ya zamani, mvumo ukakatika pale pale.

Kwa hiyo transfoma ni sahihi, rekuleta ni sahihi, wazo lenyewe ni zuri kabisa. Pawa saplai safi ni mahali pa kweli pa kuboresha DAC ya bei nafuu. Ndiyo maana nina hasira. Kitu kinachoweza kumsaidia mtu mwenye kipato cha kawaida asikie muziki vizuri nyumbani kwake, wamekifanya kichaka cha wizi.

Niliporudi dukani na mvumo, kabla sijaikata kapasita, niliambiwa: "Bosi, lazima ichomeke kwanza. Iache ipige masaa 200 ndiyo sauti ifunguke." Haya pigeni hesabu. Masaa 200, usiku na mchana bila kuzima, ni zaidi ya siku 8. Garantii waliyoniandikia ni siku 7. Na hiyo garantii imeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi chenye maneno "huduma ya redio", hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Niliiomba nikaambiwa mashine haina mtandao. Sasa hivi ujumbe wangu unapata tiki mbili za bluu na kimya.

Ninachodai ni hiki. Ukimbadilishia mteja kifaa, mrudishie cha zamani mkononi, kiwe kizima au kibovu, ni mali yake. Ukisema IC ni orijino, ipime mbele yake, inachukua dakika mbili. Kapasita ipimwe mbele yake kabla haijalehemiwa. Na mtu akija na mlio wa mausi, mwambie ukweli kwamba anahitaji waya wa mwanga, muuzie huo, atarudi kwako miaka yote.

Bidhaa zenye nembo bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanaohusika nayo ni Tume ya Ushindani, FCC. Nimeshaandika barua. Naambatanisha kapasita iliyokatwa, IC iliyovuliwa rangi na kikaratasi chao. Barua ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa pembeni, kwa hiyo naomba kila aliyefanyiwa "maboresho" ya aina hii, iwe Kariakoo, Mwanza au Arusha, afungue boksi lake wiki hii. Chomoa waya wa umeme kwanza, subiri kidogo kapasita ziishiwe chaji, ndipo uguse. Weka hapa picha za ubao pande zote mbili, namba za IC zisomeke, na risiti kama unayo. Majina ya maduka msiyaandike hapa, nitumieni inbox, nitayaweka kwenye barua ya pili.