Ujiji: tulichanga hela ya kalvati, mpaka leo hatujasomewa mapato na matumizi. Tuanzie wapi?

BintiUjiji

Assalam aleikum, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Mimi ni muuza mawese, mkazi wa Ujiji. Mtaa wenyewe naomba nisiutaje. Kati ya nyumba zetu na shule pana korongo. Kiangazi unalivuka bila hata kuangalia chini, masika likijaa watoto wadogo wanabebwa mgongoni. Kabla ya mvua zilizopita tulikubaliana kila kaya itoe shilingi 5,000 tuweke kalvati, nguvukazi tujitolee wenyewe. Watu walitoa. Yupo bibi jirani yangu anauza karanga, yeye alilipa kwa sarafu za mia na mia mbili, mjumbe akazihesabu palepale kibarazani, moja moja, kwenye sinia la karanga.

Mawe yakaja, mchanga ukaja. Makalvati hayakuja. Mvua ikanyesha, mchanga wote ukateremka na maji, na mawe ndiyo hayo vijana wanakalia jioni wakinywa kahawa.

Nimeuliza kwa adabu. Naambiwa subiri mkutano, na mkutano hauitishwi. Ubao wa matangazo pale ofisini una orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 imepauka kwa jua, una tangazo la chanjo, na karatasi ya mtu aliyepotelewa na mbuzi. La hela hakuna.

Simtuhumu mtu wizi. Inawezekana hela yote iliishia kwenye mawe na nauli ya lori, mafuta yamepanda kila mtu anajua. Basi nisomewe hivyo, nielewe. Mtu wa kawaida kama mimi, sina chama wala ndugu ofisini, naanzia wapi?

Gungu_Relini

Dada, simu unayo. Nenda korongoni mvua ikinyesha, piga video mtoto anavyovushwa, itupe mtandaoni na jina la mtaa. Viongozi wa siku hizi wanaogopa hicho tu. Kule kwetu barabara ilichongwa wiki ileile.

MtuWaKatubuka

Ushauri wa video ni mzuri kwa asiyeijua Kigoma. Hapa mtu akisimama kuuliza hela, baada ya siku chache anaulizwa yeye: babu yako kazikwa wapi, mlivuka ziwa lini kuja Tanzania? Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa Mwandiga, na bado niliwahi kusimama mkutanoni kuuliza habari ya choo cha shule, mtu akasema kwa sauti, "Huyo si ni wa ng'ambo?" Hakuna aliyemkemea. Nikakaa chini. Lile neno liliniuma kuliko hata choo chenyewe, na najua wengi wananyamaza kwa sababu hiyohiyo. Kitambulisho cha NIDA ninacho, lakini mkutanoni hakuna anayekiomba, wanakuangalia sura tu.

Kwa hiyo dada, uliza, ila usiwe peke yako.

Mzee wa Kitongoni

Marahaba, mwanangu. Mimi nimestaafu, lakini kazi yangu ilikuwa utendaji wa mtaa, kwa hiyo nitakwambia jinsi makaratasi yanavyotembea.

Kwanza haki yako. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Hauulizwi kadi ya chama wala kabila. Mwenyekiti ndiye anauitisha, mtendaji ndiye katibu anayeandika muhtasari. Kila robo mwaka wananchi mnatakiwa msomewe mapato na matumizi, na taarifa ibandikwe ubaoni. Hiyo si hisani.

Pili, usiende kuuliza "hela yetu iko wapi". Swali hilo halijibiki, litazaa ugomvi tu. Omba vitu vitatu kwa majina yake: muhtasari wa mkutano ulioamua mchango, daftari la waliochanga, na stakabadhi za mawe, mchanga na lori. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona michango mingi ikifa, na mara nyingi inafia kwenye daftari. Mtu anasema "niandike, nitaleta kesho", mjumbe anamwandika kama kalipa ili asimwaibishe mbele ya jirani. Mwisho daftari linaonyesha hela ambayo haipo mfukoni. Fundi anakuja, hela haitoshi, mwenyekiti anaona haya kusema, anaacha kuitisha mkutano. Mwaka unapita. Na yupo pia anayekula, sikatai. Ukishika daftari mkono mmoja na stakabadhi mkono wa pili utajua umekutana na yupi.

Tatu, andika barua. Iende kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata na diwani. Waliochanga wasaini wote, yule bibi wa karanga akiwemo, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Katubuka kasema kweli tupu, na imenisikitisha, maana kwenye mikutano yangu mwenyewe nimelisikia neno hilo. Lakini watu thelathini waliosaini karatasi moja huwezi kuwauliza wote babu zao walizikwa wapi. Ujiji hii hii Mha, Mmanyema na Mbwari wanazikana na kuozana, leo kwenye hela ya korongo tubaguane?

Barua ikipokelewa, nakala yako igongwe mhuri na tarehe. Tarehe ndiyo silaha. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inaipa ofisi siku 30 za kujibu ombi la taarifa. Itaje kwenye barua, kwa upole. Zikipita bila jibu, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwombeni alipeleke huko. Na baraza la madiwani likikaa, nendeni mkasikilize. Hamtaruhusiwa kuchangia, ila mtaingia.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu mji huu uliwahi kuonyesha njia. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilikuwa moja ya serikali za mitaa 15 duniani zilizochaguliwa kwa majaribio ya ule mpango wa kuendesha shughuli za serikali kwa uwazi. Tulikuwa orodha moja na Paris, Seoul na Elgeyo Marakwet ya Kenya. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango mzima. Nilikuwa bado kazini, na nakumbuka watu walivyoanza kuzoea kuuliza.

Bangwe2

Mzee, heshima yako, ila hayo ya 2016 yalikuwa siasa. Manispaa ilikuwa mikononi mwa ACT-Wazalendo, mbunge Zitto, wakataka kuonekana tofauti na serikali kuu. Mwananchi wa Buzebazeba alipata nini?

Mzee wa Kitongoni

Ilikuwa siasa, ndiyo. Na ubao ukibandikwa taarifa kwa sababu ya siasa, mwananchi anaisoma hivyohivyo. Mimi sijali nani alibandika. Chama chochote kikibandika, nitakwenda na miwani yangu.

BintiUjiji

Nimesoma yote, na Mzee Mungu akuzidishie.

Video sitapiga. Watoto wale ni wa jirani zangu, siwezi kuwaanika wakiwa wamelowa wamebebwa, halafu mwenyekiti mwenyewe ni mtu tunayezikana naye. Katubuka, pole sana kaka. Na mimi nimeambiwa "wa ng'ambo" gulioni, kwenye bei ya dumu la mawese.

Kilichonifungua macho ni daftari. Sikuwahi kufikiria kuna walioandikwa bila kulipa, ila nikikumbuka siku ile, wapo waliosema "nitaleta". Nitaanza na bibi wa karanga, yeye anakumbuka kila aliyetoa na sarafu alizotoa. Tukishakuwa na orodha yetu wenyewe ndipo niandike barua.

Swali la mwisho: lazima ichapwe steshenari, au kwa mkono inakubalika?

Mzee wa Kitongoni

Kwa mkono inakubalika, iandike isomeke tu na uweke namba ya simu. Toa nakala kabla hujaipeleka. Ukiambiwa mhuri haupo, mwambie aliyepokea aandike jina lake, tarehe na sahihi kwa kalamu.