Mayai ya macho yanagandia kikaango, na yasipogandia yanakuwa magumu. Nisaidieni

MamaChai_Nyegezi:
Wakuu, habari za asubuhi. Nauza chai na vitafunwa karibu na stendi ya Nyegezi. Chapati na supu havinisumbui. Shida ni mayai ya macho, yale ya kuacha kiini kizima juu. Yakitua tu yanagandia, nikiyabandua kiini kinapasuka. Nikichochea moto hayagandi sana, ila pembeni yanaungua na ute unakuwa kama mpira, abiria anatafuna huku analiangalia basi lake. Natumia jiko la mkaa na kikaango cha alumini, hicho hicho nakaangia sato mchana. Mafuta ni ya alizeti.

Mkaangaji_Kirumba:
Mwangaluka dada. Tenganisha vikaango kwanza, hilo halina mjadala. Samaki anaacha masalia yaliyoungua ambayo kwa macho huyaoni, lakini pitisha kidole utayahisi. Yai linakwenda kushika hapo hapo. Tafuta kingine kiwe cha mayai tu, na stilwaya isikiguse. Kikichafuka, maji ya moto na sponji laini vinatosha, kisha kikaushe motoni ukipake mafuta kidogo.

Igoma_Kwetu:
Moto mdogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Yai halitaki haraka.

FundiJiko:
Mkuu Igoma, hapo nakupinga. Takriban asilimia 90 ya ute ni maji. Ukitua kwenye kikaango ambacho hakijapata moto, unaenea taratibu, unaingia kwenye mikwaruzo, halafu unaivia humo humo. Kikaango na mafuta vikiwa vimeshika moto, chini panaiva mara moja na mvuke unalinyanyua yai.

Ila kwenye ugumu umesema kweli. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzijoto 60 na kitu. Moto ukizidi sana hapo, protini zinajikaza na kukamua maji yake. Kwa hiyo dada, anza na moto, malizia kwa moto hafifu. Pasha kikaango kikiwa kitupu, mimina mafuta, yazungushe yafike pembeni. Yakianza kutiririka mepesi, kabla hayajatoa moshi, weka yai. Lazima lilie. Usiliguse. Ute wa chini ukishakuwa mweupe, ondoa kwenye moto mkali, dondoshea maji kijiko kimoja cha chai pembeni, funika. Mvuke utaivisha juu bila kuligeuza. Tikisa kikaango: likiwa tayari litateleza lenyewe.

MamaChai_Nyegezi:
Asante sana. Sasa mkaa haupunguzwi kama gesi, na jiko ninalo moja.

Mkaangaji_Kirumba:
Sukumia mkaa uliokolea upande mmoja, upande wa pili bakiza vipande vichache uvifunike majivu. Unaanzia huku, unamalizia kule. Chai ichemshe mapema uiweke kwenye chupa, jiko libaki la mayai wakati mabasi yanajaza.

BintiWaUkerewe:
Naongeza la mayai yenyewe. Yaliyokaa sana ute wake unakuwa mwepesi, unasambaa kikaango kizima, pembeni panaungua kabla ya katikati kuiva. Kabla ya kuchukua trei nzima, omba upime moja kwenye maji: likilala chini ni jipya, likisimama ni la siku nyingi, likielea achana nalo. Na lipasulie kwenye kikombe kwanza, ulimimine ukiwa karibu kabisa na mafuta. Kiini hakipasuki, na kama ni viza hujaharibu mafuta.

Igoma_Kwetu:
FundiJiko nimekuelewa. Chumvi je?

FundiJiko:
Nyunyiza mwishoni, mkuu. Mafuta ya alizeti aendelee nayo, yanavumilia moto kuliko siagi, ambayo inaungua mapema.

MamaChai_Nyegezi:
Mteja akiwa mjamzito, au ana mtoto mdogo, nimpe hivyo hivyo kiini kikiwa laini?

BintiWaUkerewe:
Hapana dada yangu. Hao kiini kiive chote, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Usichochee moto, liache limefunikwa upande wa majivu kwa muda mrefu kidogo mpaka kiini kishikane, na ute bado utakuwa laini.