Naombeni ushauri: ukaguzi wa msimbo unapita Ubuntu, unagoma Mac na Alpine

msukacode: Wakuu, habari. Skripti yangu ya majaribio inaita shellcheck (kikaguzi cha skripti za ganda) na flake8 (kikaguzi cha Python) kabla hatujaunganisha tawi la Git. Kwangu Ubuntu inapita. Mwenzangu wa Mac anapata "mapfile: command not found", na kwenye kontena la Alpine (Linux ndogo) haianzi kabisa. Sitaki kutunza skripti tatu. Nifanyeje?

fundi_wa_ganda: Mkuu, Mac inakuja na ganda la bash 3.2, na amri ya mapfile ilianza kwenye bash 4. Alpine haina bash mpaka uiweke mwenyewe, ganda lake ni ash ya BusyBox. Andika kwa sh ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo hii: mstari wa kwanza `#!/bin/sh`, achana na `[[ ]]` na safu (arrays) za bash. Kisha ikague skripti yenyewe kwa `shellcheck -s sh`, itakuonyesha kila kilicho cha bash peke yake.

Orodha ya faili usiipitishe moja kwa moja kwenye bomba (`|`). Git ikishindwa upande wa kushoto, sh kwa kawaida inaangalia amri ya mwisho tu. Andika, `$orodha` ikiwa njia ya faili ya muda:

`git ls-files -z '*.sh' > "$orodha" || exit 1`
`[ -s "$orodha" ] || exit 0`
`xargs -0 shellcheck < "$orodha"`

Mstari wa kati una kazi yake: xargs ya GNU huita amri hata orodha ikiwa tupu, ya BSD, iliyo kwenye Mac, haiiti.

binti_tanga: Naongezea la linta (kikaguzi cha msimbo) kutokuwepo kwenye mashine. Tumia `command -v shellcheck`, si `which`, maana which haimo kwenye POSIX. Na tafadhali usirudishe 0 (yaani "imefaulu") kimyakimya! Hilo ndilo baya kuliko yote, kwani watu wataamini msimbo umekaguliwa. Kwenye mashine ya mtu rudisha 77, zana ya Automake huihesabu kuwa jaribio limerukwa. Kwenye seva ya majaribio, ambako huduma nyingi huweka `CI=true`, ifeli kabisa. Flake8 iite kwa `python3 -m flake8`, upate ile ya Python unayoitumia. Toleo lake lifunge kwa `==`, la sivyo kila mashine itatoa maonyo yake.

msukacode: Asanteni sana. Mac imepita. Alpine sasa inasema git haipo.

fundi_wa_ganda: `apk add git`. Ikilalamikia mmiliki wa folda, weka njia yake kwenye mpangilio wa Git uitwao `safe.directory`.